Nyasi Ndani ya Kengele

Pumua kwanza. Hakuna aliyeumwa, hakuna aliyezikwa, na mbwa wote wawili ni wazima wa afya. Nakuambia mapema kwa sababu siwapendi wasimuliaji wanaomkaba msikilizaji koo mpaka mwisho, kisha wanamwachia na kutaka washukuriwe. Lugendo mwenyewe akiikumbuka siku ile hushusha pumzi ndefu, halafu hucheka, halafu hutazama pembeni ili usiyaone macho yake. Basi tumfuate sisi tukiwa tumeshapumua. Yeye, maskini, alikuwa bado.

Nchi yenyewe haina jina. Waliowahi kuipa jina waliamka wakakuta limehamia kwa mtu mwingine, wakachoka, wakaacha. Huko siku hazipangi foleni. Unaweza kwenda kisimani ukapishana na jana anarudi na ndoo kichwani, mkapeana njia vizuri tu, kila mmoja akaendelea na safari yake. Mtu anaweza kuwa mkongwe asubuhi, na alasiri ukamkuta kijana anatafuta viatu vyake kwa hasira. Vichuguu navyo huhama, polepole, bila kuaga. Wenyeji hawashangai hata kidogo. Wanasema kama ardhi ina pumzi, kwa nini isitembee? Kinachowashughulisha kweli, kinachoweza kuwafanya wakae kikao mpaka chakula kipoe, ni mbwa wa kuwindia na adabu zake.

Maana mbwa wa nchi ile hawabweki. Koo wanazo, ndimi wanazo, lakini hawabweki. Wakifurahi hutikisa mkia, wakiudhika huondoka zao. Kwa hiyo mbwa anayekwenda porini huvikwa shingoni kengele ya mti, kipande cha gogo kilichochongwa kikawa na uwazi ndani, kikatiwa ulimi wa mfupa. Mgeni hudhani kengele ile ni ya mwindaji, asipotewe na mbwa wake. Ni kweli, lakini hiyo ni kazi yake ya mwisho. Kwanza ni ya mnyama, ili asikie kwamba anatafutwa, aamue mwenyewe kukimbia au kujificha au kugeuka na pembe zake. Na hata kabla ya mnyama, kengele ni ya mtu. Porini kuna watu wengi wenye shughuli zao: anayechimba dawa, anayekata kuni, aliyegombana na mkewe akaenda kutulia. Ukiwa huko ukasikia kengele ya mti, unasimama ulipo na kupaza sauti: “Mimi ni mtu!” Na mwindaji, popote alipo, hata kama mnyama yuko mbele ya macho yake, lazima ajibu: “Na mimi ni mtu!” Kisha anawaita mbwa, anakaa chini, anasubiri mpaka mwenzake apite.

Hebu tulia hapo kidogo, maana Lugendo alitulia hapo maisha yake yote. Alikuwa akijiuliza: mtu anakuwa mtu lini? Anapozaliwa? Anapopewa jina? Katika nchi ambayo jina huhama na umri huenda ukarudi, majibu hayo hayamtoshi mtu. Yeye aliona kwamba unakuwa mtu pale unapopewa nafasi ya kusema kwamba wewe ni mtu, na mwenye nguvu kuliko wewe akalazimika kunyamaza na kusikiliza. Mwenye mbwa ana miguu zaidi ya yake, ana meno zaidi ya yake. Basi anadaiwa kelele. Anadaiwa kuja akisikika. Anayekuja kimya akiwa na meno ya kuazima, huyo hata akikuta pori tupu ameshakosa.

Kuna jambo jingine kuhusu kengele, nalo ndilo lililomponza. Ndani ya kijiji kengele hujazwa nyasi ili zisilie, maana mbuzi wakizisikia hupanda juu ya vibanda vya watu na watoto wachanga hushtuka usingizini. Mwindaji akifika kwenye kichuguu cha mpaka anachuchumaa, anamshika mbwa kidevu kwa upole, anazitoa nyasi. Ndipo anapokuwa porini. Kabla ya hapo ni mtu anatembea na mbwa wake tu.

Sasa mama yake. Bi Somoe alitoka siku moja kwenda kuchimba ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa ikaliwa na chumvi. Lugendo alikuwa mdogo kiasi cha kujificha nyuma ya mtungi na asionekane. Siku ile haijaisha. Sisemi hivyo kwa mapambo, nasema kama ilivyo: kwa wengine wote ilikwisha, jua likatua, maisha yakaendelea, lakini kwa Bi Somoe bado ni mchana wa siku ileile na bado anachimba. Hawakumlilia, kwa sababu hajafa. Hawakumtangaza kuwa amepotea, kwa sababu wanajua aliko, yuko kazini. Wanawake wa kuni wamewahi kuuona mgongo wake kwa mbali, na kanga yake ya rangi ya ukwaju, na kumsikia akiimba kwa kukoroma puani kama afanyavyo mtu mwenye udongo mdomoni. Wakimkaribia wanajikuta wameingia siku nyingine, hayupo. Watu walimwona Lugendo akienda porini kila mara na mbwa wake wakadhani anapenda nyama. Nyama gani! Alikuwa akiiwinda siku ile ya mama yake. Kila kengele zilipolia alisimama akatega sikio, akingoja sauti moja tu duniani imwambie kutoka vichakani kwamba yenyewe ni mtu.

Asubuhi ya kisa chetu Lugendo alitoka na shemeji yake Nangwanda, ndugu wa mkewe, mtu mnene mwenye maneno mengi na magoti mabovu. Mbwa walikuwa wawili, na kama ilivyo desturi ya huko walipewa majina ya kuwasema majirani: jike mtu mzima aliitwa Tutaona, na dume kijana aliitwa Kazikwao. Walitembea sana. Nangwanda alikuwa akilalamika kuhusu muhogo aliokula.

“Shemeji,” alisema, “mbona mbwa wako bado wako kimya? Toa nyasi hizo.”

“Kichuguu hakijafika.”

“Hakijafika? Wewe unakisubiri kichuguu kama mgeni wa harusi? Toa tu.”

“Nangwanda, acha haraka. Nikitoa kabla ya mpaka, wazee watanisema kwamba natangaza vita kijijini. Sheria ni kichuguu.”

“Haya, bwana sheria. Mimi nimesema.”

Wakakaa kidogo. Lugendo alikuwa amechomwa mwiba, akaegemea mahali, akainua mguu, akauchomoa mwiba. Ndipo Tutaona alipoganda. Mkia wake ulinyooka, sikio moja likageuka. Kazikwao akaanza kutetemeka miguu. Mbele yao, ndani ya kichaka, kitu cha rangi ya ukahawia kiliinama, kikainuka, kikainama tena, kama mbawala anayekula majani machanga. Lugendo hakuona pembe. Hakuona jicho. Aliona ukahawia tu na kuinama, na kwa muda mrefu hakuwa amepeleka kitoweo nyumbani, na watoto wa jirani walishaanza kumuuliza kama mbwa wake ni wa mapambo.

“Haya!” akasema.

Mbwa wakatoka. Ndugu yangu, wametoka bila sauti! Hakuna kengele, hakuna kitu, majani tu yaliyofunguka na kujifunga. Lugendo hata hakuelewa kilichokosekana, alihisi tu kama mtu aliyeshuka ngazi akakuta ngazi haipo. Nangwanda ndiye aliyeelewa. Alikuwa amekodoa macho akitazama mgongo wa shemeji yake.

“Lugendo.”

“Nini?”

“Umeegemea nini hapo?”

Akageuka. Kichuguu cha mpaka. Kikubwa, chekundu, na mwiba wake ameuchomeka juu yake kabisa. Walikuwa wamekifikia muda huo wote, tena pengine kimewafikia wao, na yeye amekiegemea kama ukuta wa nyumbani akisema bado hakijafika.

“Mungu wangu,” alisema Lugendo.

“Mbawala yule, ulimwona vizuri?”

“Niliona rangi.”

“Rangi gani?”

Akafungua mdomo kujibu kahawia, likatoka neno jingine. “Ukwaju,” akasema, akimkodolea Nangwanda macho.

“Kimbia!” Nangwanda akapiga kelele. “Unanitazama nini? Mimi magoti yangu yalishastaafu! Kimbia, mwanamume!”

Akakimbia. Wawindaji wa huko huwafundisha mbwa wao adabu moja kubwa: kinachosimama hakiguswi, kinachokimbia ndicho hukamatwa. Wakikizunguka kilichosimama hukaa chini na kungoja mpaka mwenyewe afike aseme “Basi” wakiache. Hilo ndilo lililokuwa tumaini lake, na hilo hilo ndilo lililokuwa hofu yake. Mtu anayesikia kengele husimama na kusema yeye ni nani. Mtu ambaye hakusikia kitu, akainua macho ghafla akakuta mbwa wawili wasiomjua wanamjia kimya, atafanya nini? Atakimbia. Mimi ningekimbia, na wewe, usijidai, ungekimbia pia.

Akawaita. “Tutaona! Tutaona, rudi! Kazikwao, basi!” Lakini nchi ile ina ukali wake. Sauti ya mtu aliyevunja adabu hairuhusiwi kwenda mbele. Lugendo aliisikia sauti yake ikilia nyuma yake, mbali, huko kwenye jana, na jana mbwa walewale wakainua vichwa kutoka kwenye majivu ya jikoni wakashangaa wanaitwa na nani. Leo yenyewe ilibaki kimya. Akapita kwenye siku ya mvua, akalowa. Akapita kwenye siku ya ukame, akakauka. Akapishana na yeye mwenyewe akiwa kijana, amebeba kanga watatu mabegani anapiga mluzi, na kijana yule hakumsalimu hata kidogo, alimpita tu akijiona. Kijana mpumbavu, aliwaza Lugendo, nusura amzabe kofi.

Kwenye njia panda akakuta mbawala. Mbawala hasa, dume, ana pembe zake na madoa yake meupe, amesimama katikati ya njia akitafuna taratibu bila wasiwasi wa aina yoyote. Walitazamana.

“Mimi niko hapa,” alisema mbawala.

“Naona.”

“Nimekaa asubuhi nzima nikisubiri kengele zako nianze kukimbia. Nimeshanyoosha na miguu. Sasa kama mimi niko hapa, wale mbwa wako wanamfukuza nani?”

Mbawala, kwa kuwa ni mnyama mwenye malezi, hakungoja ajibiwe. Alisogea pembeni akampisha. “Hatujawahi kukulalamikia sisi,” alimwambia alipopita. “Huko nyuma ulikuwa unakuja unasikika. Nenda, bwana, wahi.”

Maneno yale ya upole yalimchoma kuliko tusi. Akaanza kulia huku anakimbia, na anayelia huku anakimbia haoni vizuri, ndiyo maana hakuliona shimo. Akatumbukia mpaka kwapani.

Lilikuwa shimo la ming'oko. Udongo wake ulikuwa bado una unyevu, kingo zake zimekatwa na mti wa kuchimbia uliochongoka vizuri. Akainua kichwa, akaona mashimo mengine mbele yake, yote mapya, yameongozana kuelekea kichakani. Yule mchimbaji alikuwa amepita hapo punde. Lugendo akashika udongo ule akaunusa. Hakuwa na shaka tena. Miaka yote ile aliitafuta siku hii kwa adabu hakuipata, na sasa ameiingia kwa kosa, huku meno yake yametangulia.

Ndani ya shimo kulikuwa kimya, na kile kimya kikaanza kusema naye. Kilisema kwa sauti nzuri, ya mtu wa busara.

Hakuna aliyesikia.

Kengele hazikulia, Lugendo. Kisicholia hakikuwepo. Kaa hapa. Pumzika.

Nangwanda? Nangwanda ni maneno tu, nani anamwamini Nangwanda.

Mbwa watarudi wenyewe. Utawafuta midomo. Utatoa nyasi. Utasema tulizurura tu leo, hatukupata kitu.

Mama yako mwenyewe si yuko katika siku isiyoisha? Pengine humo hakuna kufa. Pengine haumii. Nani ajuaye? Wewe si daktari.

Na ujue, mwenye nguvu asiyesikika hana kesi. Nani atamshitaki? Kwa sauti gani? Fikiria wangapi wamepita katika dunia hii na kengele zao zimejaa nyasi, wakafika mbali, wakaheshimiwa, wakasifiwa kwa utulivu wao.

Kaa tu.

Lugendo alikaa. Sitamficha. Alikaa kwa muda wa kutosha kuona jinsi inavyowezekana, jinsi ilivyo rahisi, jinsi shimo lenyewe linavyomtosha mtu kama kiti kilichotengenezwa kwa kipimo chake. Hapo ndipo alipoogopa kweli, kuliko alivyowahofia mama na mbwa na wazee wote wa kikao. Alijiona akitoka shimoni baadaye, amekunja uso kwa heshima, mtu mzima mtulivu, anakubalika, na hakuna popote ndani yake mtu wa kusema “Na mimi ni mtu” bila kusema uongo.

“Ala!” akapiga kelele. “Potea!”

Sijui alimfukuza nani. Akajivuta kwa viwiko akatoka, ana udongo mpaka masikioni, akaanza kukimbia tena. Lakini safari hii hakuwaita mbwa. Alijitangaza mwenyewe. “Jamani! Ni mimi Lugendo! Mbwa wanakuja, mbwa ni wangu, hawana sauti, kosa ni langu! Uliye huko usikimbie! Kaa hapohapo, usikimbie! Mbwa ni wangu mimi!” Alipiga mapaja yake, akagonga upinde kwa kisu, akakoroma, akapiga vigelegele kama mwanamke kwenye ngoma. Ungemwona ungecheka mpaka ukae chini. Mtu mzima na ndevu zake anakatisha pori akijifanya kengele! Na sauti yake, jamani, sauti ile iliyokuwa ikimrudia nyuma, ilichomoka ikaenda mbele. Aliisikia kabisa ikimpita, ikiingia vichakani kabla yake.

Akatokea kwenye uwazi.

Tutaona alikuwa amekaa chini. Kazikwao alikuwa amekaa chini, ingawa matako yake yalikuwa yakipandapanda kwa hamu. Katikati yao alikuwepo mwanamke kijana wa kanga ya rangi ya ukwaju, amelala kifudifudi kwenye ukingo wa shimo, mkono mmoja umezama ardhini mpaka begani. Alikuwa mzima. Hakuwa na mkwaruzo. Alikuwa amewakazia mbwa macho makali ya mtu aliyekatizwa kazi.

Lugendo alijaribu kusema lile neno la kuwaachisha mbwa, pumzi ikamgomea. Akajaribu tena.

“Basi,” akasema.

Mbwa wakainuka papo hapo wakaja kumlamba udongo miguuni. Yeye akaketi chini kama mzigo uliokatika kamba. Akapumua. Pumzi ile aliyokuwa ameibana tangu kwenye kichuguu, na pengine nyingine aliyokuwa ameibana tangu alipokuwa akijificha nyuma ya mtungi, zote zilitoka kwa pamoja, na majani ya karibu yakatikisika. Hata mimi ninayesimulia, ambaye nilishakuambia mwanzoni kwamba hakuna aliyeumwa, hapa hushusha mabega kila nifikapo.

“Shikamoo, baba,” alisema mwanamke kwa heshima, bila kuinuka, maana mkono ulikuwa bado shimoni.

Lugendo alikuwa na mvi kidevuni. Mwanamke hakuwa na hata mkunjo mmoja usoni. Jibu la salamu ile kila mtu analijua, ni neno moja tu, na Lugendo hakuweza kulitoa. Akalimeza.

“Umeumia?” aliuliza.

“Kuumia na nini? Nilikuwa karibu kuondoka mbio, sikufichi, hawa viumbe walinitokea kama majini. Halafu nikasikia kichaa huko anapiga kelele usikimbie, usikimbie. Nikasema haya, kichaa naye ana akili zake.” Akauvuta mkono, hautoki. “Na tena ningekimbiaje, mzizi nimeshaushika. Huu nimeuchimba tangu sijui lini. Ni wa nani mbwa hawa?”

“Wangu.”

“Mbona hawana sauti?”

“Niliwaacha na nyasi kwenye kengele. Nilikiegemea kichuguu cha mpaka nikasema bado sijakifika. Nikaona rangi kichakani, sikuona jicho wala pembe, nikawatuma. Ilikuwa kanga yako. Nisamehe.”

Alimtazama sana. Watu hawakiri hivyo mara nyingi, kwa mfululizo, bila “lakini” hata moja. “Nimekusamehe,” alisema. “Na wao je? Umewatuma kwa uongo, wamekimbia jua lote hili kwa neno lako. Huko kwenu hawaombwi radhi?”

Kwa haki, huko wanaombwa, ila wengi hulikwepa jambo hilo kwa sababu ya aibu. Lugendo akapiga magoti. Akawatoa nyasi, kwanza Tutaona, kisha Kazikwao, akiwashika videvu. Akawaambia mbele ya shahidi kwamba kosa halikuwa lao, kwamba walikimbia vizuri na kukaa vizuri zaidi. Kisha akafungua kifurushi cha chakula chake, muhogo wa kuchemsha na samaki mkavu, akawagawia chote, yeye asibaki na kitu, maana radhi ya mbwa ni njaa ya mwenyewe. Tutaona alikula polepole kwa hadhi yake. Kazikwao alimeza bila kutafuna akamwomba mwenzake.

Mwanamke alikuwa akicheka. “Nilikuwa sijawahi kuona. Mzee mzima magotini mbele ya mbwa!”

“Cheka tu,” alisema Lugendo, naye akacheka, na machozi yakimtoka bila kuombwa. “Cheka, mama, usiache.”

Akamsaidia kuuvuta mzizi. Walivuta pamoja, ukatoka ghafla, wakaanguka chali wote wawili. Ulikuwa mnene, mrefu, wa kulisha nyumba nzima. Mwanamke akaufuta udongo, akautia kikapuni, akatazama juu akiwa amekinga macho kwa mkono.

“Jua hili mbona halisogei,” alisema. “Roho yangu inaniambia nimekaa sana. Nina mtoto nyumbani, mdogo, mtundu. Nimemwachia uji kwenye kibuyu. Hata sijui kama ameunywa au amewapa kuku.”

Lugendo alikuwa akikung'uta magoti. Akaacha.

“Aliunywa wote,” alisema.

“Wewe umejuaje?”

“Aliunywa wote. Ila haukuwa na chumvi.”

Mwanamke akafungua mdomo kumkemea mzee huyu anayejua mambo ya vibuyu vya watu. Mdomo ukabaki wazi. Akashika kichwa kwa mikono yote miwili, yenye udongo, akakumbuka jiko lake asubuhi ile, alivyoondoka kwa haraka, alivyokitazama kikopo cha chumvi na kusema ngoja nitaweka. Hakuna aliyekuwepo jikoni ila yeye na mtoto nyuma ya mtungi. Akamsogelea Lugendo. Akamtazama mvi, akamtazama udongo masikioni, akailowesha ncha ya kanga kwa mate akaanza kumfuta sikio moja kwa nguvu, bila kuuliza kama inauma, na Lugendo akainamisha kichwa ili amfikie vizuri.

Juu yao jua likatikisika, likaanza kushuka.

“Shikamoo, mama,” alisema Lugendo.

“Marahaba,” alijibu Bi Somoe, akageukia sikio la pili. “Na wewe, ndiyo nini kukua hivi bila kuningoja?”